Bibi na Mlango wa Nne

Shangazi Myeong-ok,

Nitakueleza jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Lakini kwanza, mama yako amenichosha. Kila Jumamosi Bibi anakuja kwa treni kutoka Incheon, tukutane mlango wa nne wa stesheni yetu ya chini ya ardhi. Tangu reli mpya iunganishwe, milango imepewa namba upya, na ule wa nne sasa ni wa saba. Yeye husimama palepale pa zamani na kopo lake la kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, nami namsubiri kwenye wa nne mpya, kisha nazunguka stesheni nzima nikimtafuta.

"Bibi, namba zilibadilishwa."

"Waliobadilisha waliniuliza? Wewe ndiye unayepotea, macho yote kwenye kitabu."

Mama anasema Bibi akipotea tena, atapelekwa makao ya wazee. Kwa habari ya namba naweza kumtetea. Ila jana nilipomfikia alinitazama kwa muda, akauliza kwa upole, "Wewe mtoto wa nani?"

Nilimwambia Mama kwamba mimi ndiye niliyekosea mlango. Jioni sikumwacha Bibi kwenye geti la tiketi kama kawaida. Nilipanda naye, tukabadilisha treni mara mbili, nikamfikisha mpaka mlangoni kwake.

Mpwa wako,
Da-on