Kabla Mbuzi Hajachinjwa

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Kathonzweni tu wazima. Mbaazi zimechanua na nyanya yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama kuihama timu iliyokulea ni kukosa shukrani.

Miaka ya sabini, nikiwa kipa wa hapa, timu ya Makindu ilinitaka. Viongozi wakapatana: mbuzi mmoja na mpira mpya. Kisu kilikuwa kimekwisha kunolewa mama yangu alipopaza sauti: "Ngojeni, wazee! Hata bibi arusi huulizwa kabla mbuzi hajachinjwa. Huyu mmemuuliza?"

Wakacheka, kisha wakanigeukia. Nikakubali kwenda, na nahodha niliyekuwa nikimwacha ndiye aliyenikatia nyama ya kwanza.

Nenda au baki, mradi jibu liwe lako. Mbuzi yumo zizini, anakusikiliza.

Babu yako