Gundi ya Madirisha

Munje, Msambweni
Ijumaa, baada ya sala

Kwa mume wangu mdogo, Adnan,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo zako zote zimenifikia, marahaba, nawe ukue hivyo hivyo mpaka uamkiwe na wajukuu. Je, u mzima? Kile kikohozi cha baridi ya Nairobi kimekuachia? Unakula, au bado unajidanganya kwa chai na mkate? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wake Mola, isipokuwa goti langu, na goti langu halijapata kuwa habari njema.

Anayeandika ni Hafswa, binti wa jirani. Nimemwapisha asiyalainishe maneno yangu, wala asiyatoe nje. Mimi darasa nililichungulia dirishani tu, nikipita na kuni kichwani, lakini najua mwandishi akipewa nafasi humfanya mtu aonekane mpole. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nyumba yetu unaijua. Babu yako kitanda chake kiko barazani, kiharusi hakikumgusa masikio, na haya ninayokuambia hatakiwi kuyasikia.

Tangu mkono wake wa kulia ulale, daktari wa viungo alituambia haukufa, umesusa. Akiwa na kitu anachokitaka kwa moyo, utaamka. Lakini babu yako Jumbe hakutaka kitu. Alinipa mgongo akatazama ukuta. Uji nilimlisha kwa kijiko, anafungua kinywa kana kwamba ananifanyia hisani. Mtu aliyechomea vyuma kiwandani Ramisi, garimoshi la miwa likikatika yeye ndiye huitwa, leo hata nzi hamfukuzi. Nilikuwa nalia chooni, maana ndipo pekee asiponisikia.

Ndipo kifurushi chako kikafika. Sikufichi, nilikutukana. Nilisema mtoto huyu nimemwomba dua, ananiletea mchezo wa watoto! Vipande vya plastiki vimening'inia kwenye vijiti kama maembe machanga, na gundi za kila namna kana kwamba nafungua duka. Hafswa akatufungulia sauti yako kwenye simu. Ukasema ile nyepesi yenye kibrashi ndiyo ya kuungia plastiki kwa plastiki, kwa kuwa huziyeyusha kidogo zikaingiana. Ile nyeupe ya seremala ni ya vioo vya madirisha. Na supagluu ni ya vile vichuma vidogo tu, isisogezwe karibu na vioo, maana mvuke wake huvitia ukungu usiotoka. Ukasema vipande vyote vikiungwa ni garimoshi dogo la kuvuta miwa, kama lile la hadithi za Babu. Yeye akaendelea kutazama ukuta wake.

Basi nikaanza peke yangu. Kila asubuhi namkanda mkono kwa mafuta ya nazi, na nikitoka hapo nakaa kwenye jamvi naunga magurudumu. Nikishikisha, linashika, nikigeuka, limeanguka. Nikasema umeuziwa gundi ya uongo huko Nairobi. Nikaitukana gundi, nikamtukana aliyeitengeneza, nikawa naelekea kwa mama yake. Hapo sauti ikatoka ukutani, kwamba chuma chenye grisi hakishiki, seuze plastiki, na huyu ni mwanamke gani anayeunga vitu kwa mikono iliyotoka mafutani kama mahamri. Adnan, tangu augue, hilo ndilo tusi lake la kwanza. Nilitamani kumbusu.

Tukaviosha vipande kwa sabuni, tukavianika. Kazi ya kumkanda nikaihamishia baada ya alasiri. Naye, taratibu, akageuka. Akataka mito, akataka akalishwe, akaanza kuniamrisha. Vikutanishe vikavu kwanza, uone kama vinapendana. Gusa mshono kwa ncha ya kibrashi tu, usimwage, gundi itajua njia. Nikagusa, na kweli ikakimbia kwenye mshono kama samli kwenye mkate wa moto. Lakini nilipofika kwenye paa, dole gumba langu lilikuwa limelala juu ya mshono. Gundi ikapita chini yake, plastiki ikalainika, na nilipolinyanyua mistari yangu yote ilikuwa imebaki pale. Alinisema mpaka kukaadhiniwa adhuhuri. Mimi na ulimi wangu nikamwambia kama haimpendezi, aje aunge mwenyewe. Akautazama ule mkono mapajani. Mjukuu wangu, ningeweza ningeyameza yale maneno.

Sasa sikiliza, hili ndilo nililokuandikia.

Juma lililopita yakabaki madirisha. Babu yako alikuwa amelishika lile garimoshi kwa mkono wa kushoto, kwa uangalifu kama kitoto kichanga. Mimi nikachukua supagluu, nikaifungua, nikaipeleka kwenye kioo. Akaniambia siyo hiyo. Nikajitia sisikii. Akapaza sauti, akaniuliza nina wazimu. Nikamjibu gundi ni gundi, nikainamisha chupa. Kushoto hakuweza kuachia, lingevunjika. Ndipo ule wa kulia ukatoka mapajani, ukanizaba kofi la mkononi, chupa ikaruka mpaka ukutani.

Akautazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila hodi. Nami sikupiga hata kigelegele, niliogopa kuushtua. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo, nimletee ile nyeupe. Nikamchovyea kijiti, nikamshikilia kifundo cha mkono, akaweka tone kwenye kona ya dirisha. Lilikwenda upande, jeupe kama tui. Lilipokauka likawa angavu, hulioni.

Siku hizi kila ajaye kumjulia hali husimuliwa kwamba mke wake ni mjinga, bila yeye garimoshi lingepata mtoto wa jicho. Nami naitikia, kweli, bwana, mimi ni mjinga.

Lakini wewe nakuambia: nilijua. Sauti yako nimeisikiliza hadi naikariri. Ile chupa niliichagua. Nilitaka kitu cha kumuudhi kuliko ukuta unavyomliwaza, na nilikuwa tayari kukiharibu kioo chako. Kioo hakikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba mkono ungekaa kimya, naye angejua, mbele yangu, kwamba hata hasira haiuamshi.

Usimwambie, leo wala kesho. Mwache ashinde. Uji bado unamwagika, lakini sasa unamwagwa na mkono wa kulia, nami napangusa huku nikihimidi. Ukipata nafasi tutumie basi, la abiria, lenye madirisha mengi. Na gundi nyeupe iwe nyingi.

Babu yako anakusalimu, anasema magurudumu yamekaa sawa kwa sababu yake. Hafswa anakusalimu, acha kucheka. Jirani zetu wote wanakuombea. Vaa sweta, swali, na uje tukuone ungali na nyama mashavuni.

Nikimaliza nitaweka dole gumba hapa chini, kama kawaida yangu. Ukitaka kuhakikisha ni mimi, ukija lilinganishe na lile la kwenye paa. Nilimwambia Jumbe alipige msasa lifutike. Amekataa.

Ni mimi Bibi yako akupendaye,
Mwanatumu