Shilingi Zinazong'aa

Malakisi, Bungoma

Kwako Kaka Makokha, huko Kitale,

Sisi tuko wazima, na ng'ombe amezaa. Sonara wa huko kwako ameniambia ulimpelekea shilingi zako za mkoloni, akakurudishia, ati hazina fedha ndani. Pole, bwana mjuzi! Siku ya kunyolewa nywele za matanga, baada ya kumzika Mama, si wewe ulimwaga mkebe wake, ukachagua zinazong'aa, ukaniachia nyeusi zilizolika? Zangu alizipima kwa mzani, hakuuliza sura. Za kabla ya 1948 zina fedha. Zako ni za baadaye, shaba na nikeli tupu. Nimeuza, nimemjengea Mama kaburi la saruji. Tangu matanga hujakanyaga hapa. Njoo na zako tulipambe kaburi; kung'aa, zinajua.

Ni mimi uliyeniachia takataka,
Nanyama