Masaa Matatu kwa Mwanga Wote

Jumapili, 4 Juni 2006

Leo siku nane tangu harusi. Siku nane! Mtu akisema "mke wa Nakhisa" bado nageuka kutafuta ni nani.

Huku kwetu Kalerwe, pembeni mwa Kampala, leo hakuna umeme. Huu mgao umetufundisha hesabu: tarehe za shufwa giza, tarehe za witiri mwanga. Basi baada ya kanisa tumefunga pazia, tukapanda kitandani na laptop yangu, tukaangalia picha za harusi moja moja. Yeye Msamia, mimi Mjaluo, mapenzi yetu yanaongea Kiswahili — na leo yameongea mchana kutwa.

Laptop yangu! Wengine hupewa mkufu. Mimi mume wangu amenipa betri. Ilikuja imekufa, ndani ya laptop kuukuu ya mzigo wa Dubai. Akaipasua, akatoa seli nane mbovu. Akatafuta seli nzima nane kutoka betri tatu nyingine, akazipima volti hadi zote zikalingana, akazichomelea kwa mkono wake, akafunga teipu nyeusi. Juu ya teipu, kwa wino mweupe, ameandika jina langu: AKECH. Aje mtu na dhahabu hapo!

Skrini ni inchi kumi na nne, nukta 1024 kwa 768. Ukiiwasha inaanza na wekundu kama mtu mwenye haya, halafu inakuwa nyeupe. Taa yake ya ndani imezeeka. Na kona ya juu kulia kuna nukta moja imekwama kwenye rangi nyekundu. Nakhisa alitaka kubadilisha skrini nzima. Nikamkataza. Hiyo ni nyota yetu.

Siku ya harusi dada Aoko alituletea saa ya ukutani, akaninong'oneza: wenzako wanaolewa na watu wa ofisi kule Naguru, wewe umechukua fundi betri. Ndiyo, dada. Na betri ya fundi leo imekaa masaa matatu na dakika kumi, nimeipima kwa saa yako hiyohiyo! Ilipofika asilimia tatu ikajilaza yenyewe. Na sisi tukalala.

Nimeandika lebo, "Betri: masaa matatu", nikaibandika. Kesho kutwa naipeleka kwenye meza yetu mjini iwe mfano wa kazi yake. Haiuzwi ng'o!

Jumanne, 6 Juni 2006

Siku yangu ya kwanza dukani. Duka moja, meza tatu. Mwenye duka ni mzee Fadhul, Mnubi wa Bombo, kofia nyeupe safi, maneno machache. Meza yake ipo mlangoni: laptop ishirini zimepangwa, kila moja na lebo "Betri masaa 4". Ya kati ni ya Concy, anauza chaja. Ya nyuma, chini ya ngazi, ndiyo yetu.

Concy aliponiona tu: "Mugole!" Yaani bibi harusi, kwa Kiganda. Sasa duka zima naitwa hivyo. "Mugole, fungate umekuja kulila kwenye moshi wa kuchomelea?" Nikamwambia moshi huu ndio ulioniponza. Amecheka hadi chaja zikaanguka.

Amenifundisha kazi yake pia. Volti ya chaja na ya laptop lazima zilingane. Ampea ikizidi haina neno. Ikipungua, chaja inachemka hadi inakufa. Nimefikiria sana jambo hili. Mimi na Nakhisa volti zetu zinalingana kabisa. Ampea nimemzidi.

Kisha akanipa sheria ya duka. Mteja akitaka kitu huna, kimbia ukachukue kwa jirani. Na mali ya jirani huisemi vibaya mbele ya mteja. Hata kama inatoa moshi. Kampala nzima ndivyo ilivyo, anasema.

Mchana, jenereta ikiunguruma barazani, nilimuuliza mzee Fadhul kwa heshima: haya masaa manne uliyapima lini? Akanitazama kama mtoto aliyeuliza mvua inalipwa na nani.

"Nyabo," yaani bibi, "lebo zilikuja na mzigo."

Nakhisa alinikanyaga mguu. Kwa upole. Hata kukanyaga anakanyaga kwa upole!

Ijumaa, 9 Juni 2006

Nimefanya jambo. Sijui kama ni baya. Hapana — najua. Si baya.

Kombe la Dunia limeanza leo, kila anayeingia anauliza televisheni. Kasoro mmoja. Bwana anaitwa Anselme, ametoka upande wa Bunia, anatafuta laptop kumi na mbili za shule ya wauguzi. Jenereta yao inawashwa masaa mawili tu jioni. Mchana wanafunzi wanategemea betri. Alisimama kwenye meza ya Fadhul, akagusa lebo kwa kidole.

"Masaa ine? Ni kweli bya kweli?"

Fadhul akasema mzigo ni safi. Anselme akamgeukia Concy. Concy akaanza kukunja waya uliokwisha kukunjwa. Akamgeukia Nakhisa. Nakhisa alikuwa na skrubu mdomoni, Mungu amsaidie. Akanigeukia mimi.

"Mama, na weye unasema nini?"

Niliwaona hao wasichana wa uuguzi. Niliwaona kabisa, skrini zimezima katikati ya ukurasa. Nikasema: hazijapimwa, bwana. Huenda ni masaa manne, huenda ni nusu saa. Hakuna anayejua hapa.

Anselme akasema aksanti, anakwenda kuona ndugu yake Luzira, atarudi Jumatano. Akatoka.

Fadhul hakunisemesha mimi. Alimsemesha mume wangu.

"Nakhisa. Mke wako amenivua kanzu mbele ya mteja."

"Mzee, hajasema uongo."

"Sikusema amesema uongo. Nimesema amesema."

Nakhisa akatoa skrubu mdomoni, akaziweka moja moja mezani. Miaka mitatu yuko chini ya ngazi hiyo. Wateja wake wote wanaijua hiyo ngazi. Akasema: "Basi tumesema wote wawili, mzee. Mimi na yeye."

Wote wawili!

Fadhul akainua laptop yangu, akasoma lebo yangu kwa sauti, polepole. Masaa matatu. Akasema vizuri, Jumatano tutaiwasha mbele ya yule Mkongo. Ikizima kabla ya masaa matatu, mnabeba meza yenu siku hiyohiyo.

"Na isipozima?" Nilikuwa mimi.

Hapo ndipo aliponitazama. "Isipozima, nitajua la kufanya."

Ameifungia kwenye kabati lake, isije ikabadilishwa seli. Jumanne ataichaji mwenyewe. Hajui jina gani limeandikwa kwenye betri ile. Na mimi siombi msamaha. Sio kwa masaa ambayo hakuna aliyeyapima!

Jumapili, 11 Juni 2006

Ee Mungu wangu.

Umeme upo leo. Nilikuwa nafungua pazia, mkono ukabaki hewani. Jumapili ile pazia lilikuwa limefungwa. Chumba giza, na Nakhisa alisema mwanga unamchoma macho, nikaupunguza. Vikabaki vijiti viwili vya mwanga kati ya vinane. Nikaupunguza — kisha nikapima — kisha nikaandika masaa matatu, nikabandika!

Mimi! Niliyemvua mzee wa watu kanzu!

Nimemwambia Nakhisa akiwa anamenya matooke. Nilidhani atatupa kisu. Akamaliza kumenya lile moja, akafuta mikono, akachukua bahasha ya kanisa akaanza hesabu. Volti 14.8, milliampea 4400, hiyo ndiyo betri ya zamani ilivyoandikwa. Skrini ikiwaka mwanga wote inakula sana. Jibu likatoka: masaa mawili na dakika arobaini na kitu.

Arobaini na kitu.

"Lakini," akasema. Napenda akisema lakini, uso wake unakuwa wa mvulana wa shule. Kwanza, seli alizotia ni kubwa kidogo kuliko za zamani. Pili, kile kidude cha kuhesabu chaji ndani ya betri hakijui kama seli zimebadilishwa. Bado kinahesabu zilizokufa. Kwa hiyo mita inaweza kusema imekwisha na betri bado inayo. Jumapili ile haikuzima, ilijilaza kwa kuamini mita. Kilichobaki ndani hatukukiona.

"Ni kiasi gani?"

"Sijui, mpenzi. Iko kabatini kwa mzee."

Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema: ulipunguza mwanga kwa ajili ya macho yangu, nitakukasirikia vipi? Nimelia kidogo. Matooke yameungua kidogo.

Jumatatu, 12 Juni 2006

Nimemweleza Concy. Kosa! Au si kosa, ana moyo. Amenivuta nyuma ya ngazi.

"Mugole, sikiliza. Mzee macho yake yamechoka. Wewe shusha mwanga vijiti vitatu tu, nani ataona? Hapa mjini watu wanashusha kila kitu."

Nikasema hapana.

"Bannange! Utabeba meza kwa ajili ya vijiti vitatu?"

Nitabeba. Na nitaibeba kichwani, na saa ya dada Aoko juu yake, hadi Kalerwe, tukauze betri kando ya nyanya. Lakini wale wasichana hawatasoma nyuma ya pazia. Wanasoma mchana, madirisha wazi. Kwao mwanga ni mwanga wote.

Concy akasema mapenzi yameniharibu kichwa. Sawa. Yaniharibu zaidi!

Jumatano, 14 Juni 2006

Naandika hapahapa mezani.

Hakuna umeme leo. Jenereta imezimwa, Fadhul ametaka hivyo, asije mtu akasema tumechomeka waya. Saa ya dada Aoko imetundikwa kwenye msumari wa chaja za Concy. Anselme amekuja mapema, amepewa kigoda.

Saa nne kamili tumewasha. Ikaona haya, ikawa nyekundu, ikawa nyeupe. Nikapandisha mwanga hadi kijiti cha mwisho. Halafu nikasema mbele yao wote: lebo hii niliipima kwa mwanga mdogo. Lilikuwa kosa langu. Leo ni mwanga wote. Concy akajifunika uso kwa kanga. Fadhul akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akavua kofia, akaivaa tena.

Nakhisa ameondoa ile amri ya kujilaza. Ikizima leo, imezima kweli. Na ili isikae bure, nimeweka picha zetu za harusi zijipitie zenyewe.

Saa tano. Duka limejaa. Watu wa ghorofa ya juu wameshuka. Mmoja anauliza kwa nini bwana harusi amefunga macho kila picha. "Alikuwa anapima volti," Concy anasema. Nakhisa anacheka, anajikuna kisogo.

Saa sita kasoro kumi. Mita asilimia ishirini na moja. Mapema mno! Anselme anamwuliza Nakhisa kuhusu seli. Wanainamiana kama wakwe.

Saa sita na dakika tano. Asilimia tisa. Dada Aoko kwenye picha, anakata keki kana kwamba ilimkosea.

Saa sita na robo. Tatu.

Saa sita na dakika ishirini na mbili. Sifuri. Alama ya betri imewekwa msalaba mwekundu. Duka zima "aaah!" kama penalti iliyotoka nje. Fadhul amesimama. "Haya. Imekwisha. Nakhisa, shika upande ule wa meza."

Nakhisa hakushika kitu. Akaonyesha kwa bisibisi. "Mzee, mita imekwisha. Skrini je?"

Inawaka! Mwanga wote! Kanisa, maua, mimi na gauni la kuazima!

Saa sita unusu. Sifuri bado. Inawaka bado. Hakuna anayecheka sasa. Nimesikia mtu anahesabu. Kumbe ni mimi.

Saa sita na dakika arobaini. Fadhul amekuja karibu, ameinama. Anselme: "Baba, usikinge, tuko naona." Fadhul akasogea! Amegusa ile nukta kwa kucha, akidhani ni uchafu. Nikamwambia hiyo haitoki, mzee, hiyo ni yetu.

Arobaini na tano. Mkono wa Nakhisa juu ya bega langu. Ni wa moto. Kama chaja ya ampea chache.

Arobaini na tisa. Picha imeganda kidogo — hapana. Imepita. Nilikufa nikarudi.

Hamsini na mbili. Fadhul ameondoka hapa. Amekwenda kwenye meza yake mlangoni, ameinua laptop ya kwanza kwenye mstari, anabandua lebo kwa kucha. Polepole. Ya pili pia. Anselme amegeuza kigoda amtazame.

Hamsini na nne. Amerudi na karatasi tupu za gundi. Anasema, nyabo, naomba kalamu, zangu nazo zipimwe ziandikwe upya.

Kalamu dukani ni hii moja ninayoandikia, na mkono wake umeshanyooka kuichukua.

Nimemwambia, mzee, subiri. Zimebaki dakika sita, na bado ina—