Joka Lilivyosema na Wifi

Shoga, soma hii upesi.

Si unaujua ule mchezo wetu wa mezani, wa kete na mashujaa? Leo nimecheza na kaka na mkewe, msimulizi nilikuwa mimi, kwa hiyo na joka, adui wa mashujaa, naliongoza mimi. Shujaa wa wifi kabaki peke yake pangoni, wenzake wote wameunguzwa na moto wa joka.

Nikataka joka litishe kweli. Nikaikaza sauti: "Haya, toka! Ukitoka hapa, nani atakutaka?"

Naapa maneno yalinijia tu!

Wifi kaganda na kete mkononi. Kaniuliza polepole, "Kumbe na wewe kakusimulia?"

Nani? Kanisimulia nini?

"Hayo ni maneno ya kaka yako. Ananiambia kila siku."

KILA SIKU, shoga! Na kaka yupo palepale, kainamia karatasi yake. Hata hakukana!

Wifi akaiweka kete mezani bila kuitupa. "Shujaa wangu anatoka," akasema, akabeba mkoba.

Kaka akainuka amzuie; nikamvuta wifi chumbani kwangu, nikafunga kwa ufunguo. Sasa hivi kaka anagonga, eti nifungue, ule ulikuwa mchezo tu.

Sifungui. Njoo na gari.