Kisamvu cha Arobaini Yako

Bi Zena,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini nitaanzaje na wewe pasipo kukuamkia? Siku ile moja niliyoingia jikoni bila shikamoo ulinyamaza mpaka chai ikapoa. Ni mimi, Mumbua, msichana wako wa Kithimani uliyemfundisha kupika. Nimekaa kwenye kigoda chako, katika jiko lako la kuuzia chakula hapa Machakos, niko peke yangu, na nakuandikia kwa sababu naogopa na sina mwingine wa kumwambia.

Ulikuwa unanicheka. "Mumbua, wewe hata mvuke wa sufuria wakutisha." Ni kweli, na sikuwahi kukubishia. Lakini ulipokuwepo uoga wangu ulikuwa na pa kwenda. Nikidhani chumvi imezidi, nakuletea kijiko. Nikidhani nyama haijaiva, nakuita unaikandamiza kwa kidole, unasema bado au unasema epua, basi yameisha. Sasa nashika kijiko, nageuka, na mlangoni hakuna mtu. Mara mbili nimekuita kwa sauti, wateja wakasikia, wakajifanya hawakusikia.

Nikwambie ya arobaini yako. Mwanao Rehema alikuja kutoka Mombasa na mumewe, na gunia la nazi, na kitinda mimba wao Nuru, yule uliyemwona mara moja tu akiwa wa kubebwa. Sasa anakimbia na kuuliza maswali. Watu wa msikitini walialikwa hitima baada ya alasiri. Pilau ilipikwa uani na wale vijana wanaopika harusini. Kisamvu kilikuwa changu, kwa sababu wewe mwenyewe uliagiza ukiwa kitandani: "Arobaini yangu msije mkawapa watu pilau peke yake. Wapeni na kisamvu, na akipike Mumbua." Rehema alikuwepo na alisikia. Hapakuwa na pa kukwepea.

Unakumbuka ulivyonifundisha. Majani yanafika siku moja kabla. "Leo ya kutwanga, kesho ya kupika," ndivyo ulivyokuwa ukisema. Mchana kutwa mimi na kinu, mpaka jani halina mshipa wa kuonekana. Kuosha, kukamua. Halafu kuchemsha sufuria ikiwa wazi, maji ya kwanza kumwaga, kuchemsha tena, na wewe umeketi na ncha ya kanga puani. Siku moja nilitaka kufunika ili makaa yasiishe bure. Wewe ambaye hukuwahi kunigusa ulikipiga kile kifuniko kikaniruka mkononi, kikabingirika mpaka kwenye mtaro.

Ndipo ukanieleza habari za Omari, mdogo wako. Mwaka wa njaa, huko kwenu pwani, watoto wanalia, mama mmoja jirani akawahurumia. Alichuma majani ya muhogo, akayakatakata tu kwa kisu, akayafunika jikoni yaive upesi. Mlikula wote, mkaugua wote. Omari alikuwa mdogo kuliko wote, hakuinuka. Ulinieleza hayo ukichuja tui, huniangalii, na hukurudia tena maisha yako yote.

Nami sikuuliza, Bi Zena! Sikuuliza kama kosa lilikuwa kifuniko, au kutotwanga, au majani yenyewe yalikuwa ya muhogo mchungu. Niliogopa kukuumiza. Sasa umekwenda, na mimi sijui katika yale yote uliyokuwa ukifanya ni lipi lililokuwa likizuia kifo na lipi lilikuwa mazoea tu.

Majani ya arobaini yako yalichelewa. Kaka yangu alikuwa ayatume kwa basi la jioni, mvua ikakata barabara, yakafika kesho yake adhuhuri, siku yenyewe ya hitima. Rehema alisimama mlangoni akaliangalia lile gunia la majani, akaniangalia mimi. "Mumbua, itawezekana?" Mdomo wangu ukasema itawezekana.

Nilianza kutwanga, nikatazama fungu lililobaki, nikaona hitima itaisha watu waende zao kabla sijafika nusu. Nikabeba karai mpaka buchani kwa Yusufu. Unamjua Yusufu, alisilimu zamani lakini Kikamba hakijamtoka. Nikamwomba ile mashine yake ya mkono ya kusagia nyama.

"Ai, Mumbua! Hii mashini ni ya nyama, si ya nyunyi, si ya mboga," akasema. "Kwani mchi ya mama iko wapi?"

Nikamwambia mchi uko, muda ndio hakuna. Akaiosha kwa maji ya moto, akazungusha mwenyewe huku akiwatania wateja kwamba leo anauza nyama ya kijani. Yakatoka laini kuliko nilivyowahi kutwanga mimi. Ningefurahi. Lakini wewe hukuwahi kutumia mashine, na nilivyokuwa narudi na karai kichwani, yale maji ya kijani yakinichuruzika shingoni, nilikuwa nauliza kimoyomoyo, je, mashine inatoa kile ambacho mchi unatoa? Sikujua hata hicho kitu kinaitwaje.

Niliosha, nikakamua, nikabandika. Nikatoka uani kukuna nazi. Niliporudi, sufuria imefunikwa.

"Nimefunika kiwahi, dadangu," akasema Rehema, kwa upole kabisa. Mwanao hana kosa. Huko Mombasa hununua kisamvu kilichotwangwa tayari, na akija hapa ulikuwa unampikia wewe. Nikafunua. Nikageuka kuchuja tui, akapita tena akafunika. Nilishindwa kumwambia. Macho yake yalikuwa mekundu tangu asubuhi. Utamwambiaje mtu, siku ya arobaini ya mama yake, kwamba mkono wake pengine unaua wageni? Na kama si kweli? Kama ni mambo yangu tu ya kutishwa na mvuke? Nikafunua, nikaficha kifuniko nyuma ya kinu, nikayamwaga yale maji, nikaweka mengine, nikasimama palepale nisitoke.

Barazani walikuwa wameanza kusoma. Nikatia tui jepesi, nikatia kitunguu, nikatia tui zito. Kilinukia kama chako hasa, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa sababu hata kile cha Omari nadhani kilinukia vizuri kwa watoto wenye njaa.

Kwa hiyo nilipakua sahani, Bi Zena. Nilijaza. Nikakaa chini nyuma ya mlango, bila wali, bila chochote, nikala kisamvu peke yake, tonge juu ya tonge. Dua yako haijaisha, wageni hawajanawa mikono, na mpishi anakula. Najua ungesema nini. Lakini sikuwa naonja, nilikuwa najaribu kama kitaniua.

Nikaweka sahani, nikangoja. Sikuwa nimekula tangu asubuhi, kwa hiyo tumbo lilikuwa likinguruma, na kila likinguruma mimi najiambia, haya, ndiyo hayo. Nikatoa ulimi nikaushika kwa vidole. Nikajaribu kuhesabu masufuria ya ukutani nione kama macho bado yanaona. Nikamfikiria mama yangu Kithimani, nani atakayempelekea habari, na atazisemaje.

Rehema akaingia kuchukua sinia, akanikuta na mafuta mdomoni.

"Mumbua! Hata dua haijaisha?"

Ningemwambia ni njaa, angenisamehe. Lakini nililia, na yote yakatoka pamoja: mashine ya Yusufu, kifuniko, njaa ya pwani, Omari. Nilidhani atanifukuza, au ataimwaga sufuria nzima. Aliliweka lile sinia chini.

"Omari?" akasema. "Huyu Omari tunayemtaja kila hitima?"

Alikuwa amelisikia jina hilo tangu utotoni katika dua za maiti wenu, na wewe ulimwambia ni mdogo wako, basi. Hukumwambia alivyokufa. Mimi mtu wa jikoni nilijua na yeye mwanao hakujua, na siku hiyo niliona haya kwa kuyajua hayo.

Akaketi chini karibu nami. Akaivuta sahani yangu, akamega, akala. Nikamshika mkono. "Niache," akasema. "Si mimi niliyefunika?" Akala mpaka akamaliza nilichobakiza, kisha akajifuta kwa leso, akanishika kifundo cha mkono kama mnavyofanya nyinyi watu wa pwani mkimwangalia mgonjwa, tukakaa hivyo tukitazamana usoni. Alinong'ona, "Ukiona nageuza macho, usihangaike na mimi, kaimwage sufuria kwanza." Nikacheka.

Barazani zikasikika amina nyingi, tukajua wanamaliza. Mumewe akachungulia mlangoni kuuliza chakula. Rehema hakuinuka. "Mwambie shehe aongeze," akasema. "Aongeze nini?" "Dua! Awaombee na majirani." Maskini yule mzee aliwaombea majirani, akaombea mvua ipungue, akaombea soko la Machakos na wote wanaouza na kununua humo. Sijawahi kusikia dua ndefu hivyo. Na sisi mle ndani hatuoni dalili yoyote, ila uoga.

Mwisho Rehema akasimama, akajinyoosha, akaangalia miguu yake. Nuru alikuwa mlangoni analalamika njaa. Nilidhani atamwambia angoje. Akachukua kijiko, akachota kisamvu katikati ya sufuria, akakipuliza, akamlisha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe kabla ya mgeni yeyote. Mimi nilishika nguzo ya mlango. Nuru akatafuna, akameza, akasema, "Tena."

Hakuugua mtu, Bi Zena. Shehe alirudisha sahani ijazwe mara ya pili. Watu walisema mkono wako haujafa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika, lakini hiyo ilikuwa hofu peke yake, Rehema alinishika kichwa na akajua.

Alipoondoka aliniachia funguo za jikoni. Kwa hiyo bado nauza chakula, hapahapa, na Ijumaa watu wakitoka msikitini wanataka kisamvu. Niko peke yangu, kutwanga mchana kutwa siwezi, napeleka kwa Yusufu. Ameninunulia kile kisahani cha matundu cha ile mashine, kingine kipya, anasema hicho kitakuwa cha nyunyi tu. Wateja wanasifu kwamba siku hizi kimekuwa laini. Wananisifu na mimi naogopa, kwa sababu kila Ijumaa ni majani mapya, kutoka shamba ambalo silioni, na ukiniuliza kwa nini cha juma lililopita hakikudhuru mtu siwezi kukujibu.

Ndiyo maana kila Ijumaa napakua sahani ya kwanza nakula mimi, nafunga mlango, nangoja. Leo ni Ijumaa. Nimeshakula, na barua hii naiandika katika kungoja huko, maana kuhesabu masufuria kumenichosha. Nilipoandika habari za Omari moyo ulinienda mbio, nikaweka kalamu chini. Haikuwa chochote. Nilipoandika habari za shehe nilicheka peke yangu.

Nakuahidi haya. Sufuria yako haitafunikwa nikiwa hai. Maji ya kwanza yatamwagwa, hata makaa yaishe. Na hakuna mtoto wa mtu atakayekula kisamvu changu kabla sijakila mimi nikangoja. Sitakuahidi kuacha kuogopa, hilo ungejua nakudanganya.

Namwombea Omari pia, kwa dua zetu sisi za kanisani, natumaini zinafika hukohuko. Ukimwona mwambie.

Mkono wangu bado unaandika, unaona mwenyewe. Macho yangu bado yanaona. Nasikia viatu vya watu barazani, wa kwanza ameshabisha hodi. Pumzika, Bi Zena. Naenda kufungua.

Mumbua wako