Kioo cha Pikipiki ya Bwana Nyange

Jumanne, 20 Oktoba 1959

Leo nimevunja kioo cha pikipiki ya Bwana Nyange, Bwana Afya wetu. Naandika hapa maana mdomo umekataa.

Nilikuwa napita sokoni na ubao wa mlango begani. Mtu kaniamkia kwa nyuma. Nikageuka mzima mzima — fundi wa kazi ya miaka ishirini! — ncha ya ubao ikakipiga kioo. Vipande chini. Aliyeniamkia keshapita zake, hakuna aliyeona. Nikasema moyoni, nitamngoja amalize kukagua sokoni, atoke nimwambie. Katoka, kaona, kanguruma mpaka wachuuzi wakasimama. Miguu ikanileta nyumbani. Wallahi sikuituma.

Jumatano, 21 Oktoba

Asubuhi Bwana Nyange kaja kibandani kwangu, mkononi lile duara la bati lililoshika kioo. Nitie kipya. Atakwenda kwa nani mwengine? Mji mzima wa Chake vioo vya picha na makabati natia mimi.

Anasema aliyevunja keshamjua. Ni Duni, anayeleta samaki kwa baiskeli kutoka Tumbe. Wiki iliyopita Bwana Nyange alimmwagia pakacha zima, kwamba samaki wameoza. Basi kalipiza.

"Baiskeli yake ilikuwa ubavuni mwa pikipiki yangu, Fundi. Nani tena?"

Hapo ndipo pa kusema. Nikamuuliza anataka kioo kinene au chembamba. Kinene au chembamba!

Alhamisi, 22 Oktoba

Kipande cha kwanza kimepasuka. Cha pili kimepasuka. Almasi ya kukatia kioo ni ile ile, mkono ndio si ule. Cha tatu kimekubali. Nikasugua kingo kwa jiwe, nikakibana ndani ya bati, nikakifunga kwenye usukani.

Bwana Nyange kapanda, kakigeuza geuza. Kanicheka: "Nakuona mpaka kope, Fundi!" Nikasogea pembeni. Pesa nimekataa. Kanishika bega, kasema mimi mtu wa imani. Aibu niliyoona sijapata kuiona.

Kisha kanambia habari. Duni kakana, kwa hivyo kesho baada ya Alasiri inasomwa Halbadiri, ile dua ya kuapiza, kwa Maalim Silima. Aliyevunja akanyamaza, imfike yeye na nyumba yake.

"Nawe uje. Una sauti ya kusoma weye."

Nikasema inshallah. Inshallah! Nijisomee mwenyewe!

Jioni mke wangu, Mize, karudi sokoni na kikapu kitupu. Kwa Duni hakuna anayenunua. Watu wanaogopa kula cha mtu anayesomewa, na yeye kaogopa pia. Nikamuuliza, na kama si Duni?

"Basi n'nani?"

Kaniangalia sana. Nikamwambia wali unaungua. Hakukuwa na wali jikoni.

Ijumaa, 23 Oktoba

Msikitini adhuhuri nilikaa safu ya nyuma kabisa, mimi ambaye siku zote niko mbele. Duni alikuwa peke yake. Kushoto kwake pengo, kulia kwake pengo.

Nimekata shauri. Nitawahi kwa Maalim Silima, nimwambie kabla ubani haujatiwa motoni. Ni maneno matatu tu: ni mimi, Maalim. Nimevaa kanzu. Nimeivua. Nimeivaa tena. Simwogopi Bwana Nyange, atafoka kisha atapoa. Naogopa watu wa Chake watakavyosema: Fundi Soud yule! Akamwacha maskini wa watu! Na watasema kweli.

Hodi mlangoni. Duni.

Kaja na samaki wawili aina ya changu, kawatia chumvi wasiharibike. Kasema japo nyumba moja iwale. Mize kasita — kisha kawapokea, kamwita "kaka", yuko uani anawapara magamba. Nimempenda mke wangu leo, nami nimejichukia.

Duni hakuja kulalamika. "Mie sina khofu, Fundi. Naisomwe, watu wajue. Ila mie sikusoma, sijui pa kuitikia. N'takaa ubavuni pako. Weye ukisema amin, nami nasema amin."

Nimemwambia akae barazani, naja. Nimeingia ndani nikashika kalamu. Ni mjinga gani anayeandika saa hii?

Adhana ya Alasiri. Ananiita. "Fundi, tutachelewa!" Nimemjibu natafuta kofia.

Kofia ninayo kichwani.